Mashimo Sita Chini ya Sakafu

Siku ambayo nyasi ya mwisho inafikishwa uani, hapa kijijini Mundulakh hakuna anayepumzika. Watu hunawa mikono, hunywa chai ya maziwa, kisha hutoka tena kushughulikia nyumba. Baridi itakuja baada ya wiki tatu na itakaa miezi saba.

Fevronia Gotovtseva alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu alipoolewa. Alikuwa na miaka sitini na nne. Alikuwa amekamua ng'ombe wa shamba la serikali kwa miaka ishirini na saba, hadi shamba lenyewe lilipovunjwa na ng'ombe wakagawiwa watu. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa kukamua, lakini vilijua bado kusukuma kuvumwani, mmea laini wa msituni, kwenye nyufa za magogo kwa kabari ya mti, kubandika karatasi kuzunguka vioo vya pili vya madirisha, na kulaza pamba katikati ya vioo viwili ili jalidi isiote ndani. Mumewe, Ignat, seremala, ndiye aliyeijenga nyumba hiyo. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, mwezi wa Mei.

Septemba hiyo alianza, kama kawaida, na banda la ng'ombe. Ukuta wake hupakwa mavi mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na udongo. Hupakwa kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka, na tabaka la mwisho huganda likawa gumu kama saruji. Wifi yake Akulina, dada wa marehemu Ignat, alikuja kumsaidia.

"Wifi, unapaka au unapapasa?" Akulina aliuliza. "Huo ni ukuta, hautakuoa."

"Paka upande wako. Mwaka jana upande wako ndio uliopitisha upepo, Kugas akakohoa msimu wote wa baridi kama mvuta tumbaku."

Kugas alikuwa ng'ombe wake mmoja, mwekundu, mwenye mimba.

"Alikohoa kwa sababu ulimlisha nyasi ya kinamasi."

"Nyasi ile nilikata na wewe!"

"Mimi nilikata. Wewe ulikuwa umekaa unafukuza mbu."

Walicheka hadi Akulina akashika mbavu kwa mkono wenye mavi, na hilo likawachekesha tena. Kisha Akulina akaingia ndani kunawa. Alichelewa kutoka. Fevronia alipomfuata, alimkuta nyuma ya jiko kubwa la matofali, amesogeza pazia, mkono wake mmoja umezama katika ufa wa jiko hadi kwenye kifundo.

"Wifi," alisema taratibu, "mkono wangu unaingia."

Fevronia alikuwa anaujua ufa huo. Majira ya kuchipua aliuziba kwa udongo na kuupaka chokaa. Kiangazi ulipofunguka tena, akaning'iniza pazia mbele yake. Sasa jiko zima lilikuwa limeinamia nyuma, na dohani iliyopita darini ilikuwa imeachana na dari kwa upana wa vidole viwili.

"Tuyara anajua?" Akulina aliuliza.

"Usimwambie."

Tuyara alikuwa binti yake, mtoto pekee aliyebaki kati ya watatu. Alikuwa mhasibu mjini Yakutsk, akiishi ghorofa ya tano. Tangu baba yake afe, alikuwa akimwita mama yake mjini. Mwezi wa Agosti walifikia mapatano. Fevronia angebaki kijijini kama nyumba ingekuwa tayari kufikia siku ya kukata barafu. Siku hiyo huwa mwanzoni mwa Novemba, ziwa likishaganda vya kutosha: kila nyumba hukata mapande ya barafu na kuyapanga nyuma ya ukuta, nayo ndiyo maji ya kunywa hadi Mei. Kama nyumba isingekuwa tayari, Tuyara angekuja na lori. Kugas angechinjwa baridi ikishakolea, kama wanavyochinjwa ng'ombe wote wanaokosa wa kuwatunza, na Fevronia angepanda ngazi za ghorofa ya tano.

"Kule kuna joto, mama," Tuyara alikuwa amesema. "Maji yanatoka ukutani. Huhitaji kubeba chochote."

"Na nitafanya nini?"

"Utapumzika."

Fevronia alilirudia neno hilo kwa Akulina mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

*

Fundi Gavril alikuja siku ya pili. Ndiye aliyejenga majiko mengi ya Mundulakh, na alikuwa rafiki wa Ignat tangu shuleni. Alizunguka jiko, akaligonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akavuta pumzi puani.

"Shemeji, hili jiko limelewa," alisema.

"Liamshe basi."

"Haliamki hili. Tuone limelalia nini."

Alitoka nje. Nyumba za kwetu husimama juu ya ardhi iliyoganda, na ardhi hiyo ina barafu ndani yake kama mafuta ndani ya nyama ya farasi. Ikibaki imeganda, nyumba husimama miaka mia. Ikiyeyuka, nyumba huzama. Kwa hiyo kila nyumba huzungushiwa tuta la udongo chini ya ukuta, na ndani ya tuta huachwa mashimo ya kupitisha upepo chini ya sakafu. Nyumba ya Fevronia ilikuwa nayo sita. Kila mwaka baridi inapoingia, mashimo huachwa wazi kwa wiki nyingi. Watu huvumilia sakafu ya barafu, huvaa viatu vya manyoya mezani, huku baridi ikiuma ardhi iliyo chini yao na kuifanya ngumu tena. Ni hadi baridi kali ya Desemba ndipo mashimo huzibwa, yaje kufunguliwa tena mwaka unaofuata. Mtu wa Mundulakh hufundishwa jambo hili kabla ya kufundishwa kusoma.

Gavril alifukua tuta mahali pa shimo la kwanza. Akavuta gunia lililojazwa nyasi kavu, lililooza hadi likakatikia mikononi mwake. Akafukua la pili. Gunia jingine, limeoza vilevile. Alipofika la nne aliacha kufukua, akaketi juu ya udongo, akamtazama Fevronia.

"Haya magunia hayakutiwa humu jana."

Fevronia aliliokota koleo.

"Yamekaa miaka mitatu humu, shemeji. Ignat asingeyaacha hata msimu mmoja. Ignat alinigombeza mimi, fundi, kwa kuchelewa wiki moja kufungua ya kwangu."

"Ignat alikuwa kitandani."

Ndipo akamweleza, akiwa amesimama na koleo mkononi, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Ignat alipougua mapafu, kila pumzi ya baridi ilimkata. Alikohoa hadi uso ukawa wa buluu. Septemba hiyo Fevronia aliziba mashimo yote sita kabla hata ya theluji ya kwanza, na akainua tuta hadi chini ya madirisha. Nyumba ikawa na joto. Ignat, aliyelala akiuangalia ukuta, aliuliza kila asubuhi: "Umefungua mashimo?" Naye kila asubuhi alijibu: "Nimefungua." Siku moja Ignat aliteremsha mkono hadi kwenye mbao za sakafu, akakiacha kiganja hapo kwa muda mrefu. "Mbona sakafu ina joto?" aliuliza. Fevronia akamwambia kwamba ni homa yake.

Mwaka uliofuata mume alikuwa hai bado, na Fevronia hakuzibua. Mwaka wa tatu mume hakuwepo, naye hakuzibua kwa sababu kuzibua kungekuwa kukiri.

Gavril alichukua mtaimbo, akalala kifudifudi, akausukuma ndani chini ya sakafu, upande wa jiko. Mtaimbo ambao ungepaswa kugota kwenye ardhi ngumu uliingia kimyakimya, ukazama urefu wa mkono na zaidi. Alipouvuta, ulitoka na matope.

"Jiko lako limesimama juu ya uji," alisema.

"Litapona?"

"Jiko haliponi. Ardhi ndiyo labda." Alipangusa mtaimbo kwa nyasi. "Sikiliza. Zibua yote sita. Shusha tuta. Jiko kubwa usiliwashe kabisa, hata siku moja. Lile jiko lako dogo la bati, washa la kupikia tu. Nyumba iwe baridi. Upepo upite chini, mchana na usiku. Ardhi ikiganda vizuri kabla ya kukata barafu, nitalishikilia hilo jiko kwa vyuma, litavuka msimu huu."

"Na isipoganda?"

"Basi anza kujifunza kupanda ngazi."

Alisema hivyo kwa mzaha, akaona uso wake, akatamani kulirudisha neno.

*

Oktoba yote Fevronia aliishi ndani ya nyumba ambayo alikuwa anaipokonya joto kwa makusudi. Majirani walikuwa wanapandisha matuta yao. Yeye alikuwa ameshusha lake. Alihamia jikoni, akalala juu ya benchi karibu na jiko la bati, amevaa koti la ngozi ya kondoo na kofia. Maji kwenye ndoo yalishika utando wa barafu kila asubuhi. Alikuwa akiuvunja kwa kata na kuchemsha chai, kisha akauacha moto ufe.

Akulina alimletea samaki wa kukaanga na maandazi bapa yaliyofungwa kwa taulo. "Njoo ulale kwetu," alisema. "Tutabanana. Mwanangu atalala na miguu dirishani, si kitu."

"Mko saba kwenye vyumba viwili."

"Ukija tutakuwa nane. Hujasoma hesabu?"

"Na Kugas? Atalala na miguu dirishani pia?"

Banda la Akulina lilikuwa limejaa, na nyasi yake ilihesabiwa kwa midomo ya ng'ombe wake mwenyewe.

Kila baada ya siku tatu Fevronia alilala kifudifudi nje ya ukuta na kusukuma mtaimbo. Mwanzoni ulizama kama kawaida. Wiki ya pili uligota kidogo kabla ya kupenya. Wiki ya tatu, baridi ilipofika nyuzi ishirini chini ya sifuri, alipiga mara nne kwa nguvu ndipo tabaka la juu likapasuka. Alipima unene kwa kiganja: shubiri moja. Alikwenda hadi kwa Gavril kumwambia, na alitembea haraka kuliko alivyokuwa ametembea tangu mazishi.

"Shubiri moja!"

"Shubiri moja ni kitambaa," alisema Gavril. "Lakini ni kitambaa kizuri. Endelea."

Kisha theluji ikaja mapema, na ikaja nyingi. Ilianguka siku mbili bila upepo, ikafika magotini. Mundulakh yote ilifurahi, kwa maana theluji ni blanketi. Watu walitoka na makoleo, wakaikusanya na kuirundika kwenye kuta za nyumba zao ili kuzuia baridi. Fevronia naye alitoka na koleo. Yeye aliiondoa. Aliikwangua ukutani, akaisukuma mbali na mashimo, akafagia hadi udongo ukaonekana mweusi. Theluji ikianguka tena, alitoka tena.

"Mama Tuyara!" jirani mmoja alimwita akiwa barabarani, amekaa juu ya gari la farasi lenye kuni. "Mbona unaivua nyumba nguo? Ina joto sana?"

"Inakwenda kuoga," alijibu.

"Basi iambie isijitie sabuni machoni!"

Walicheka wote wawili. Gari lilipopita, aliegemea koleo akisubiri kizunguzungu kimwache. Kifua kilikuwa kimeanza kumbana. Alikuwa anakohoa sasa, kikohozi kikavu, na alipokohoa ndani ya nyumba ile baridi alijisikia kama anamwiga mtu.

Tuyara alipiga simu kila Jumapili.

"Nyumba ikoje, mama?"

"Inakwenda vizuri."

"Mbona sauti yako imekauka?"

"Nimekuwa nikifokeana na Akulina."

"Jiko linawaka?"

Fevronia alitazama jiko kubwa, jeupe, baridi, limeinama gizani nyuma ya pazia. "Linawaka," alisema. Alipokata simu alibaki ameishika kifuani. Alikuwa amesikia jinsi neno hilo lilivyomtoka kwa urahisi, kwa sauti ileile aliyomjibia Ignat, kama lilikuwa limekaa mdomoni likisubiri kutumika mara ya pili.

*

Siku tano kabla ya kukata barafu, baridi ilizidi ghafla hadi nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Ukungu ulilala juu ya kijiji, moshi wa dohani ulisimama wima. Fevronia alipiga mtaimbo mara kumi, haukuingia. Alipiga kwa shoka juu ya mtaimbo, haukuingia. Chuma kililia kama kimegonga jiwe.

Alikaa juu ya udongo uliofagiwa akalia, akifuta machozi haraka yasigande kwenye kope. Kisha akasimama, akaenda kwa Gavril, akamwambia alete vyuma vyake kesho yake.

Kesho yake asubuhi alikuwa bandani akimkamua Kugas aliposikia mlio kutoka nyumbani. Ulikuwa mmoja, mkavu, kama bunduki ya mwindaji wa bata. Kugas alirusha mguu, maziwa yakamwagika. Kisha ukafuata mlio mwingine mrefu, wa mbao zinazosukumwa na kitu ambacho hakina haraka.

Alipojaribu kuingia, mlango ulifunguka nusu tu, ukakwama kwenye sakafu. Alijipenyeza kwa ubavu. Sakafu mbele ya jiko ilikuwa imeinuka kama mgongo wa ng'ombe. Jiko lilikuwa limepasuka kutoka juu hadi chini, nusu mbili zimeachana, na matofali ya dohani yalikuwa yametawanyika juu ya benchi alilolalia. Bomba la jiko la bati, lililokuwa limeunganishwa na dohani hiyo, lilikuwa limechomoka na kuning'inia. Tundu la darini lilionyesha mbingu ya kijivu.

Gavril alifika na vyuma vyake vya kushikilia jiko. Aliviweka chini mlangoni. Alizunguka, akainama, akachungulia chini ya sakafu, akainuka polepole.

"Imeganda," alisema.

"Nilikuambia imeganda."

"Uji ule ulikuwa mwingi. Ulipoganda wote kwa mara moja umevimba." Alivua glavu, akazivaa tena. "Nilipaswa kukuambia inaweza kuvimba. Nilifikiri itakuja taratibu. Kwa baridi ya taratibu ingetulia."

"Sasa ardhi ni ngumu?"

"Ni ngumu kama siku Ignat alipoijenga."

"Basi jenga jiko jipya."

Gavril alimtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Shemeji. Udongo wa jiko unataka kukauka siku kumi ndani ya joto. Huku ndani ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Tofali la kwanza nikiliweka, udongo utaganda kabla sijachukua la pili. Na nikikuletea joto la kukaushia..." Hakumaliza.

"Ardhi itayeyuka."

"Itayeyuka."

"Subiri kiangazi basi. Juni."

"Juni itayeyuka yenyewe. Itashuka. Nikijenga juu yake, Septemba litapasuka. Nikijenga tena, litapasuka tena." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Barafu ya chini imekwisha kuvunjika, Fevronia. Itakuwa ikipanda na kushuka kila mwaka, kama kifua. Hakuna jiko litakalokaa juu yake."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka arobaini kumwita kwa jina bila kusema shemeji.

Akulina aliwakuta wamesimama hivyo, katikati ya matofali, pumzi zao zikitoka kama mvuke. Alianza kusema jambo la kuchekesha, kwa mazoea, akaliacha. Alimshika Fevronia kiwiko.

"Ulifanya kwa ajili ya kaka yangu," alisema, kwa maana Gavril alikuwa amemweleza. "Alikufa akiwa na joto."

"Aliuliza kila siku, Akulina. Kila siku aliniuliza."

"Najua."

"Hujui. Alikuwa anajua nyumba inakufa chini yake, na mimi nikamwambia ni homa."

Akulina alimwachia kiwiko. Hakusema kwamba si kitu. Ilikuwa nyumba ya kaka yake.

*

Siku ya kukata barafu, wanaume na wanawake wa Mundulakh walikuwa ziwani na misumeno, wakicheka na kutukanana juu ya nani amekata pande lililopinda. Kutoka uani kwa Fevronia sauti zao zilisikika wazi. Lori lilikuwa limesimama barabarani, injini inaunguruma, kwa kuwa injini ikizimwa katika baridi ile haiwaki tena.

Kugas alikuwa amechinjwa asubuhi ya siku iliyotangulia. Mtoto wa Akulina ndiye aliyechinja, haraka na vizuri. Ndama aliyekuwa tumboni alikuwa jike. Hakuna aliyemwambia Fevronia, lakini aliona mwenyewe, kwa maana ndiye aliyeosha matumbo. Nyama iliwekwa katika magunia na kupakiwa nyuma ya lori, imeganda tayari.

Tuyara alitoka nyumbani akiwa amebeba vioo vya pili vya madirisha, vile vilivyobandikwa karatasi Septemba. Alikuwa amelia njia nzima kutoka mjini, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama, shangazi Akulina anaomba hivi. Kwake kimoja kimepasuka."

"Mpe."

"Na fundi anauliza kuhusu matofali."

"Achukue yote. Yaliyo upande wa kushoto ndiyo mazima."

"Na kuvumwani, ulisema—"

"Tuyara. Mpe kila mtu anachoomba."

Gavril alijaribu kufunga mlango. Aliuinua kwa mtaimbo, akausukuma kwa bega, akapiga kizingiti kwa shoka. Ulisogea kidogo, ukarudi. Alijaribu tena, jasho likimganda kwenye nyusi.

"Theluji itaingia," alisema, bila kumwangalia. "Nitaleta mbao kesho, nipigilie."

"Uache," alisema Fevronia. "Baridi iingie. Ndicho tulichokuwa tunataka."

Alipanda ndani ya lori bila kusaidiwa. Ndani mlikuwa na joto jingi, hadi kofia ilimwasha kichwani. Dereva aliweka gia. Walipopita ziwani, Akulina aliinua msumeno juu kama bendera, akaita neno ambalo kioo kilichofungwa hakikulipitisha. Tuyara aliunyoosha mkono hadi kwenye kitufe cha joto.

"Nipunguze, mama?"

Fevronia alikohoa, akafungua kifungo cha kwanza cha koti, kisha cha pili. Viatu vyake vya manyoya vilikuwa vimeanza kuchuruzika maji sakafuni mwa lori, naye aliyatazama maji hayo yakikusanyika chini ya miguu yake.